Kuchora ramani ya gemu ya zamu: Wesnoth, Lex Talionis, SRPG Studio au Godot?

Anayetaka kutengeneza ramani yake mwenyewe ya gemu ya zamu, zile ambazo kikosi chako kinacheza kisha cha adui, na wahusika wanapanda ngazi kadiri wanavyopigana, hukwama mapema kwenye swali la programu. Ukiuliza watu watano utapata majibu matano, na kila mmoja anatetea ile aliyoanza nayo. Hapa tunaziweka nne mezani: Battle for Wesnoth, Lex Talionis, SRPG Studio na Godot. Zote zinafikisha. Zinachotofautiana ni jasho litakalokutoka njiani, na mahali litakapokutokea.

Ili zipimwe kwa haki, zote tunazipa kazi moja: ramani ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Ukisimama Raskazone ukatazama mjini, ardhi yenyewe imekwisha kukuchorea nusu ya ramani. Usiku wa kuamkia tarehe 3, kikosi cha Uingereza kilichotoka India, watu wapatao 8,000, kilianza kushuka pwani ya Raskazone, mashariki ya mji. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa yao waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Kati ya ufukwe na mji kulikuwa na vichaka, mashamba, na mahali ambapo reli imepita chini, ndani ya mtaro uliochimbwa. Risasi zikachokoza nyuki mitini, nao wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera. Tarehe 5 washambuliaji walirudi melini, wakaacha pwani bunduki na risasi kibao.

Ramani hiyo inadai vitu vinne kwa programu yoyote: pwani ya mikoko inayochelewesha mtu, mtaro wa reli wenye vivuko vichache, treni inayoleta askari zamu ya 3 na ya 5, na eneo la nyuki linaloumiza anayekanyaga. Tuseme ina upana wa vigae 30 na kimo cha vigae 20, kigae kikiwa kipande kimoja cha ramani ambacho askari mmoja anasimama.

Vigezo

Kila programu inatazamwa kwa mambo haya: mashine na pesa inazohitaji, uchoraji wenyewe, jinsi ya kuweka treni na nyuki, mambo yanayokwama na sababu yake, namna ya kumpa mwenzako acheze, na anayefaa kuitumia. Uzuri wa picha hatujauweka. Picha unaweza kubadilisha baadaye, lakini mpangilio mbovu wa njia hauponi kwa rangi.

Kwanza daftari

Chukua daftari la hesabu, lile la miraba, uchore ramani kwa penseli kabla hujawasha kompyuta. Kisha hesabu zamu. Hapa ndipo ramani nyingi zinapokufa, kwa sababu mchoraji anahesabu vigae badala ya hatua.

Mfano: askari wa miguu ana hatua 5 kwa zamu. Kutoka ufukweni hadi mtaro wa reli ni vigae 20, kumi vya uwazi vinavyokula hatua 1 kila kimoja, na kumi vya kichaka vinavyokula 2. Kwa haraka utasema jumla ni hatua 30, gawa kwa 5, zamu 6. Sivyo. Ndani ya kichaka anaingia vigae viwili, zinatumika hatua 4, ile moja iliyobaki haitoshi kigae cha tatu, inapotea. Vigae kumi vya kichaka vinamla zamu 5, si 4. Jumla ni zamu 7. Treni yako ya zamu ya 5 imeshafika, imeshusha watu, na watu wamekunywa chai. Kama ulitaka mshambuliaji awahi mtaro kabla ya treni ya pili, punguza vichaka hadi vinne: vigae 16 vya uwazi na 4 vya kichaka. Anamaliza 15 kwa zamu 3, kigae kimoja cha uwazi na viwili vya kichaka zamu ya 4 (hatua 5 kamili), viwili vya mwisho zamu ya 5. Sasa anafika sawia na treni, na hapo ndipo pana mchezo.

Jambo la pili la daftarini ni umbo la kigae. Wesnoth inatumia vigae vya pembe sita, kila kimoja kina majirani sita. Lex Talionis na SRPG Studio zinatumia miraba yenye majirani wanne. Godot inakubali vyote. Pia Wesnoth ina kanuni ya eneo la udhibiti: ukiingia kigae kinachogusana na adui wa ngazi ya 1 au zaidi, hatua zako zilizobaki zinafutika. Kwa hiyo askari wawili walioachana vigae viwili bado wanafunga njia, maana adui hapenyi katikati yao kwa zamu moja. Kwenye gemu za miraba za mtindo huu kanuni hiyo kwa kawaida haipo, na pengo la kigae kimoja ni mlango wazi. Matokeo yake, mtaro wa reli wenye kivuko cha vigae vitatu unalindwa na mtu mmoja Wesnoth, lakini unahitaji watu watatu kwenye miraba. Ukihamisha ramani kutoka programu moja kwenda nyingine, vivuko vyote vipimwe upya.

Battle for Wesnoth

*Mashine na pesa.* Ni bure na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL; mradi ulianzishwa na David White mwaka 2003. Inaendeshwa na Windows, Linux na Mac, na laptopu ya mtumba inaimudu. Upakuaji ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku au umwombe mwenye nayo akuwekee kwenye flashi.

*Uchoraji.* Kihariri cha ramani kimo ndani ya gemu yenyewe, kwenye menyu ya mwanzo. Unachagua aina ya ardhi upande mmoja, unapaka kwa kipanya. Faili inayotoka ni maandishi matupu ya kilobaiti chache, na kila ardhi ina herufi zake: Gg ni majani, Ww maji ya kina kifupi, Wo kina kirefu, Wwr mwamba wa pwani, Ss kinamasi, Ds mchanga, Hh vilima. Kwa mikoko yetu Ss inatosha kabisa. Mtu wa miguu wa kawaida anatumia hatua 3 kuingia kinamasi na kinga yake humo, yaani nafasi ya kukwepa pigo, ni asilimia 20 tu, wakati kwenye uwazi ni 40, msituni 50, ndani ya ngome au kijiji 60. Washambuliaji wanaoshukia kwenye mikoko wanateseka bila wewe kuandika mstari wowote wa msimbo. Na ukiwapa kikosi kimoja cha watu wa majini, hao wana asilimia 60 kwenye kinamasi na 70 kwenye mwamba wa pwani, basi pwani iyo hiyo inageuka kuwa ngome yao. Utajiri huu wa ardhi ndio unaofanya wengi wasiondoke Wesnoth.

Mtaro wa reli uchore kwa ardhi isiyopitika, ukiacha vivuko viwili. Weka vijiji kwa uchache upande wa washambuliaji: kijiji kinamrudishia aliyesimama humo uhai 8 kila zamu na kinaleta dhahabu, kwa hiyo kijiji kimoja kilichokaa vibaya nyuma ya mstari wao kinaweza kupindua vita nzima.

*Treni na nyuki.* Hapa unaingia kwenye lugha ya Wesnoth, WML. Ni tagi tu, yaani majina ndani ya mabano, si msimbo mgumu. Treni ni tukio linaloitwa turn 3 lenye tagi za unit ndani yake, kisha jingine turn 5. Nyuki ni tukio la moveto lililochujwa kwa namba za vigae, ndani yake harm_unit yenye kiasi cha madhara.

Ukitaka maji yapwe na kujaa, tagi ya terrain inabadilisha vigae katikati ya mchezo. Siku ya Wesnoth ina zamu 6, yaani zamu moja ni kama saa 4, na maji ya pwani yetu yanazunguka, kujaa hadi kujaa tena, kwa saa 12 na dakika kama 25. Kwa hesabu ya kweli basi mzunguko ungekuwa zamu 3, jambo ambalo linamchanganya mchezaji. Nyosha uwe zamu 6, maji yajae usiku na yapwe mchana. Mvuvi atacheka, lakini mchezaji atapanga. Eneo la maji kupwa na kujaa liwe kati ya Ds na Ww, usitumie Wo. Mtu wa miguu haingii kina kirefu kabisa, na kikimzunguka pande zote atakaa hapo kama kigingi mpaka maji yatoke.

*Kinachokwama.* La kwanza: nyuki wanauma mara moja tu, kisha kimya. Sababu ni kwamba tukio la WML kwa kawaida hutokea mara ya kwanza pekee; andika first_time_only=no. La pili: moveto inaamka pale askari anapomaliza mwendo wake kwenye kigae, si anapopita. Ukitaka apite na aumwe, tumia enter hex. La tatu ni namba za vigae. Kihariri kinaongeza ukingo wa kigae kimoja pande zote, kwa hiyo ramani ya 30 kwa 20 inakuwa na safu 32 kwa 22 ndani ya faili, na anayehesabu kwenye faili anapitiwa kwa moja. Soma namba chini ya kipanya ndani ya kihariri.

Kuna na akili ya adui: kompyuta ya Wesnoth inapenda kushambulia, kulinda haijui sana. Mpe mchezaji upande wa ulinzi. Ukilazimika kumpa kompyuta ulinzi, walinzi wa vivuko waandikie ai_special=guardian, watakaa mahali pao mpaka adui awe ndani ya umbali wanaoufikia, ndipo wamshambulie.

*Kumpa mwenzako.* Mwenzako lazima awe na Wesnoth, tena ya toleo lile lile kuu, maana viongezi vya 1.16 na vya 1.18 vina seva tofauti. Baada ya hapo kazi yako ni folda ndogo ya kuweka kwenye data/add-ons, inatumwa hata kwa WhatsApp. Kupandisha kwenye seva kunafanyika ndani ya gemu.

*Anayefaa.* Anayetaka kujifunza ramani yenyewe kabla ya kujifunza kutengeneza gemu. Asiyefaa ni anayetaka kanuni zake za mapigano; Wesnoth inabadilika, lakini inabaki Wesnoth.

Lex Talionis

*Mashine na pesa.* Bure, msimbo wazi, imeandikwa kwa Python na pygame. Imetengenezwa kwa wanaopenda gemu za Fire Emblem za GameBoy Advance, zile zilizotoka Japani kuanzia 2002 hadi 2004. Nayo ni nyepesi.

*Uchoraji.* Skrini ya asili ilikuwa pikseli 240 kwa 160, kigae ni 16 kwa 16, kwa hiyo skrini moja inaonyesha vigae 15 kwa 10 na ramani isiwe ndogo kuliko hapo. Unaingiza picha ya PNG yenye vigae, unakipa kila kigae aina ya ardhi, kisha unapaka ramani. Kumbuka picha na ardhi ni vitu viwili: kichaka ulichokichora vizuri lakini hukukipa ardhi ya msitu kinapitika kama barabara. Mchezaji ataona msitu, askari wake atakimbia kama yuko uwanja wa Mkwakwani.

*Treni na nyuki.* Hapa programu hii inang'ara. Nyuki huandikii tukio: unachora eneo juu ya ramani, unalipa aina ya hali, unachagua hali inayopunguza uhai kila zamu, basi. Treni ni tukio fupi, amri zake zimetenganishwa kwa nukta-mkato, na add_unit au add_group ndizo zinazoleta watu. Maji kupwa na kujaa yanafanyika kwa tabaka: chora maji kwenye tabaka la pili juu ya mchanga, kisha show_layer na hide_layer. Kila adui anapewa tabia yake, huyu afuate, yule asubiri mpaka uingie eneo lake, na hilo ndilo linalokuwezesha kumpa mchezaji upande wa ushambuliaji bila adui wote kumrukia zamu ya kwanza.

*Kinachokwama.* Treni imefika, askari wawili hawakuonekana. Tazama chaguo la placement kwenye amri ya kuleta mtu: likiwa giveup na kigae kina mtu, anayekuja anaachwa bila onyo. Weka closest, atashuka kigae cha jirani.

Kasoro nyingine inatoka kwenye simu. Picha za wahusika zinatumia rangi moja maalumu ya nyuma, nyekundu 128, kijani 160, buluu 128, ambayo injini inaifanya isionekane. Rafiki akikutumia picha hizo WhatsApp kama picha ya kawaida, zinabanwa, rangi ile inapotoka kidogo, na wahusika wako wanatembea wakiwa na vumbi la kijani kibichi pembeni. Zitumwe kama hati, au zifungwe kwenye zip.

*Kumpa mwenzako.* Anapata gemu kamili inayojitegemea, hahitaji kusakinisha kitu kingine. Tahadhari ni moja na ni nzito: mradi wa mfano unaokuja nayo unatumia picha na wahusika wa Fire Emblem, mali ya Nintendo. Kujifunzia, sawa. Ukitaka kuuza au kupeleka kazi kwenye shindano, kila picha na kila wimbo viwe vyako au vya leseni huru.

*Anayefaa.* Anayependa ramani ndogo, kila askari ana jina na akifa unaumia. Mapigano ya watu 8,000 hapa yanakuwa ya kumi na wawili, na si ubaya.

SRPG Studio

*Mashine na pesa.* Inauzwa Steam, ni ya SapphireSoft ya Japani, na ni ya Windows peke yake. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya nje, na usubiri punguzo la bei kama huna haraka. Aliyezoea Linux hapa hana lake.

*Uchoraji.* Vigae ni pikseli 32 kwa 32, picha nyingi zinakuja ndani yake, na zimekwisha kupewa ardhi. Ramani yetu ya 30 kwa 20 inaweza kukamilika alasiri moja na ikaonekana ya kupendeza. Mikoko ndiyo utakayoikosa. Utachora kigae chako au utatumia kinamasi.

*Treni na nyuki.* Askari wa ziada wana sehemu yao maalumu: unabofya kigae, unachagua nani atokee na zamu gani. Hakuna kuandika. Nyuki ni tukio lenye masharti, unachagua sharti na matokeo kutoka kwenye orodha. Ukitaka kitu ambacho orodha haina, unaongeza plagini (kiongezi) ya JavaScript, na nyingi zimeandikwa na Wajapani kwa maelezo ya Kijapani.

*Kinachokwama.* Urahisi wenyewe. Kwa kuwa kila kitu ni kubofya, matukio yanazaana, na ukifika ramani ya sita hukumbuki swichi namba 14, alama ya ndiyo au hapana inayokumbuka kama jambo limetokea, ilikuwa ya nini. Ipe kila swichi jina siku unayoiunda. Plagini mbili zinazogusa kazi moja nazo hugombana. Ongeza moja, jaribu, ndipo uongeze nyingine.

*Kumpa mwenzako.* Gemu ya Windows inayojitegemea. Simu haipo.

*Anayefaa.* Mwandishi wa hadithi. Mtu mwenye mazungumzo, usaliti na ndoa kichwani, ambaye anataka mapigano yafanye kazi tu ili hadithi isonge.

Godot

*Mashine na pesa.* Bure, leseni ya MIT, unachotengeneza ni chako chote. Faili ya programu ni ndogo na haisakinishwi, unaifungua tu. Godot 4, iliyotoka Machi 2023, ina njia tatu za kuchora skrini. Laptopu ya zamani isiyo na Vulkan, teknolojia ya michoro ya kadi za kisasa, ichaguliwe Compatibility unapoanzisha mradi, la sivyo itafunga au itakwama. Violezo vya kutolea gemu ndivyo vizito, karibu gigabaiti nzima, lakini unavipakua mara moja kwa toleo.

*Uchoraji.* Tangu 4.3 unatumia TileMapLayer, tabaka moja kwa nodi moja (nodi ni kipande cha kujengea gemu ndani ya Godot). Kwenye seti ya vigae ongeza data yako mwenyewe, kwa mfano gharama na kinga, kisha kila kigae kipe namba. Watu wengi wanaanza na Tiled, kihariri huru cha Thorbjørn Lindeijer, ambacho ni kitamu kuchorea. Ila Godot haisomi faili zake za TMX bila plagini, na kwa ramani za kwanza plagini hiyo ni mzigo wa bure. Chora ndani ya Godot.

*Treni na nyuki.* Vyote unaandika mwenyewe: zamu, hatua, mapigano, akili ya adui. Nyuki ni mistari mitano. Treni ni kumi. Kabla yake kuna mamia.

*Kinachokwama.* Sehemu ya kutembea ndiyo inayovunja mioyo. Godot ina AStarGrid2D, chombo cha kutafuta njia kwenye vigae, nayo ina mitego miwili. Kwanza, kwa kawaida inaruhusu mshazari, kwa hiyo askari anakata pembe ya ukuta. Weka diagonal_mode iwe NEVER. Pili, ukiita update() inafuta uzito na vizuizi vyote ulivyoweka. Anayeweka gharama za vichaka kisha anaita update() anapata ramani tambarare, na anakesha akitafuta kosa kwenye vigae. Mpangilio ni huu: weka eneo na ukubwa wa kigae, ita update(), kisha ndipo uweke vizuizi na uzito.

Tena AStarGrid2D inakupa njia fupi kati ya nukta mbili. Haikupi vigae vyote ambavyo askari anaweza kufika. Rangi ya buluu inayoonyesha eneo la kufikia inatokana na kanuni ya Dijkstra: anza kigae cha askari kikiwa na gharama 0, panua kwenye majirani ukijumlisha gharama, acha kila kinachozidi hatua zake. Andika hiyo mwenyewe, ni mistari kama thelathini, na itumie pia kwa adui. Ukitumia hesabu mbili tofauti, siku moja buluu itaonyesha kigae ambacho askari anakataa kwenda.

*Kumpa mwenzako.* Hapa Godot haina mpinzani kati ya hizi nne kwa mazingira yetu, kwa sababu inatoa APK ya Android. Utahitaji OpenJDK 17 na vifaa vya Android SDK kwenye kompyuta, usumbufu wa siku ya kwanza. Kwa simu, kigae kisichotosha ncha ya kidole ni kosa. Pima kwenye simu halisi, na ile ramani ya 30 iwe ya kusogezwa, isibanwe yote kwenye skrini.

*Anayefaa.* Anayejua programu kidogo au aliyekubali kujifunza, na mwenye wazo ambalo hizo tatu haziliwezi.

Uchague kwa hali yako

Huna pesa, una laptopu dhaifu, na hujawahi kuchora ramani: Wesnoth. Chora ramani ndogo ya vigae 20 kwa 15 kwanza, mpe mtu acheze, ukae pembeni bila kumwelekeza. Akiuliza "niende wapi?" zamu ya kwanza, tatizo ni ramani. Akikwama zamu ya nne kwenye kivuko, hesabu hatua zako upya.

Una hadithi ndefu na kadi ya malipo, na wachezaji wako wana kompyuta za Windows: SRPG Studio.

Unapenda kikosi kidogo, na uko tayari kutafuta au kuchora picha zako: Lex Talionis. Kama picha ndizo zinazokushinda, anza na picha za mfano kwa kujifunzia tu, na usisambaze kitu mpaka uzibadilishe.

Wachezaji wako wako kwenye simu: Godot, hata kama ndiyo ngumu. Lakini ramani usiijaribie humo kwanza. Ijaribu Wesnoth au Lex Talionis mpaka zamu zikae sawa, ndipo uandike injini yako ukijua namba unazozitaka. Chagua ile ambayo umbo la kigae chake ndilo utakalotumia kwenye Godot, kwa sababu ya vile vivuko.

Mko watatu au wanne, mathalani kikundi cha shule au cha mtaani Ngamiani, na mnagawana kazi: Wesnoth na Godot zinafaa zaidi, kwa kuwa ramani na matukio yao ni maandishi na mnaweza kuyaunganisha kwa Git, programu ya kutunza na kuunganisha matoleo ya faili, bila faili ya mmoja kufuta ya mwenzake. Kwenye SRPG Studio mwachieni mtu mmoja faili ya mradi, wengine waandike mazungumzo na wachore kwenye daftari. Na yeyote anayeshika faili hiyo aweke nakala kwenye flashi kila jioni kabla umeme haujafanya vyake.